Nani Aubebe Mzigo?



Mwezi wa Juni huku kwetu Igamba, katika Wilaya ya Mbozi, ni mwezi wa baridi na upepo. Mahindi yamekwisha kuvunwa, kahawa yaanza kuiva, na watoto wako katika likizo. Katika siku hizo alitujia nyumbani mwalimu mmoja wa shule ya msingi iliyo jirani na madrasa yetu. Yeye si wa dini yetu, lakini ni jirani mwema, na kila tukifiwa huwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika. Tukamkaribisha uji wa moto, akanywa, kisha akatoa haja yake.

Alisema kwamba katika shule yao mna chumba kimoja walichokifanya maktaba. Mna rafu kadha za mbao na vitabu vya kutosha, lakini wanaovifaidi vitabu vile ni mende, si watoto. Naye alikuwa amesoma kwamba huko Marekani maktaba za miji midogo huwaalika watu wakavaa nguo za kale, wakashika vyombo vya kale, na wakaigiza mbele ya wasomaji safari za wale waliozipita nyika za magharibi ya nchi ile kabla ya kuwako njia. Mashuhuri katika safari hizo ni ile ya Lewis na Clark, iliyoanza mwaka 1804 ikaisha mwaka 1806. Watoto wakiisha kuona huuliza, na wakiisha kuuliza huonyeshwa rafu vilimo vitabu vyenye majibu. Basi akatuambia, "Maalim, na hapa petu walipita watu. Kwa nini tusiwaigize wa kwetu?"

Neno hili lilitupendeza sana. Yeye alitaka tumsaidie katika mambo ya watu wa pwani: walivaaje, walisalimianaje, na waliokuwa Waislamu walisalije njiani. Tukakubali, na vijana wa madrasa wakachanganyika na wanafunzi wake.

Safari aliyoichagua ni ile ya Joseph Thomson. Huyu alikuwa Mskochi, na msafara ule haukuwa wake. Mkubwa wake alikuwa Keith Johnston, na waliondoka Dar es Salaam mwezi wa Mei mwaka 1879, wakiwa na watu wapatao 150. Hata miezi miwili haikutimia, Johnston akafa kwa kuhara damu mahali paitwapo Behobeho, tarehe 28 Juni. Thomson akabaki peke yake na msafara mzima mikononi mwake, naye ni kijana wa miaka 21. Lakini akaendelea. Akafika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, kisha akazivuka nyanda hizi za juu zilizo kati ya Nyasa na Tanganyika, ambazo leo zimegawanyika baina ya Tanzania, Zambia na Malawi. Alirudi pwani mwezi wa Julai mwaka 1880. Safari ilikuwa ya miezi 14, na mwendo wake wahesabiwa kuwa maili 3,000, yaani karibu kilomita 4,800.

Je, kijana wa miaka 21, mgeni wa nchi na mgeni wa lugha, aliwezaje? Jawabu lina jina, nalo ni Chuma.

Chuma alikuwa Myao. Alipokuwa mtoto alitekwa akafungwa katika msafara wa watumwa, na mwaka 1861 akafunguliwa katika bonde la mto Shire na akina Livingstone. Baadaye alipelekwa Bombay, huko Bara Hindi, akasomeshwa na kubatizwa. Alisafiri na Livingstone miaka mingi, mpaka mzee yule alipokufa tarehe 1 Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Hapo Chuma na Abdallah Susi pamoja na wenzao walifanya jambo ambalo hawakuamrishwa na mtu. Waliukausha mwili wa bwana wao, wakaufunga, wakauchukua mabegani kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874. Tarehe 18 Aprili ukazikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa mnyapara mkuu wa msafara wa Thomson. Twauliza basi: katika safari ile, ni nani aliyekuwa akimwongoza mwenziwe?

Siku ya kwanza ya kugawa nafasi tulishuhudia jambo la kuchekesha na kusikitisha. Wavulana wote walitaka kuwa Mzungu. Mwalimu alikuwa amekwisha tengeneza kofia kubwa ya karatasi ngumu, na kofia ile iligombewa karibu ya kuchanika. Wachache walikubali kuwa askari, kwa sababu askari ana bunduki, ijapokuwa ni ya mti. Alipouliza nani atakuwa mpagazi, wote wakatazama chini.

Kulikuwa na mzigo umewekwa pembeni, gunia lililojazwa magunzi ili liwe jepesi. Sisi tukasema la, huku ni kudanganya. Mzigo wa mpagazi wa kale aghalabu ulikuwa frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Tukaagiza yaletwe mahindi, tukapima debe moja na nusu, tukalitia katika gunia. Kisha tukamwambia yule kijana aliyeshinda kofia, mkubwa wa darasa la saba, autwae mzigo ule na kuuzungusha kiwanja cha mpira mara moja tu. Alikwenda akicheka. Aliporudi hakuwa akicheka. Aliutua, akajishika shingo, akauliza, "Maalim, watu walikwenda hivi siku ngapi?"

Tukamwambia: miezi 14.

Akaitazama ile kofia, kisha akampa mwenziwe. Yeye akawa mpagazi, na baada yake wengine wakataka kujaribu mzigo, mpaka wapagazi wakazidi hesabu.

Tuliwafundisha mambo ya msafara kama tulivyoyajua na kama mwalimu alivyoyasoma. Mbele kabisa hutangulia kirangozi, mwenye kuijua njia, na bendera nyekundu ya Sultani. Nyuma yake ngoma, kisha mizigo: ushanga, masango, kaniki na merikani. Watoto walistaajabu kusikia kwamba nguo ya merikani ilipata jina lake kwa kuwa ililetwa na merikebu za Marekani. Wakafahamu kwamba ulimwengu ulikuwa umekwisha kuunganika hata katika siku zile, na uzi wa kuuunganisha ulipita juu ya vichwa vya wapagazi. Tukawaeleza hongo, ambayo ni haki ya mwenye nchi kulipwa na mpitaji. Mzee mmoja Mnyiha akakubali kuwa mtemi wa kupokea hongo, na akaikataa mara tatu kwa kuwa ni haba.

Tulipofika katika sala, mtoto mmoja aliuliza watu wale walijuaje kibla huku bara. Tukawatoa nje tukawaonyesha. Aliye Bagamoyo kibla chake ni kaskazini, karibu moja kwa moja. Aliye hapa Mbozi naye huelekea kaskazini, lakini sharti agome kidogo kuume, upande wa mashariki, kwa kuwa amesogea magharibi. Msafiri wa kale alijua kwa nyota na kwa jua, na kila alivyozidi kwenda alizidi kugeuka kidogo, ili uso wake usiiache Makka. Watoto walilishika hilo kuliko masomo mengi tuliyowapa kwa fimbo.

Mpaka hapo kazi ilikuwa furaha tupu. Kisha tukafika katika ukurasa wa mwisho wa mchezo, na hapo ndipo tulipokwama. Yatupasa tuwasimulie wasomaji wetu bila ya kujipamba.

Mwalimu alikuwa ameandika kwamba msafara wa Thomson wakutana njiani na msafara mwingine unaotoka upande wa Nyasa kwenda pwani. Ni msafara wa pembe za ndovu na wa watumwa. Watu wamefungwa makongwa shingoni, na mwenye msafara amevaa kanzu na kilemba, na mkononi ana tasbihi.

Tulipousoma ukurasa ule damu ilitupanda. Tukamwambia mwalimu kwamba sisi Waislamu huku ni wachache, na watoto wetu wasoma pamoja na watoto wa watu wengine; kesho wataonyeshwa vidole njiani na kuitwa wana wa wenye makongwa. Tukamwambia kwamba jambo lile limekwisha kusemwa sana na watu wasiotutakia mema, na waliolisema zaidi ni wale waliokuja kutunyang'anya nchi. Mwalimu hakubishana nasi. Alisema, "Kama Maalim waona hivyo, tutautoa," akaukunja ukurasa akautia mfukoni.

Tukarudi nyumbani tukidhani tumeshinda.

Jioni ile, baada ya Magharibi, binti mmoja wa madrasa, aliyekuwa amepewa nafasi ya mama mfungwa, alinyosha mkono. Alisema kwa adabu, "Maalim, ulitufundisha kwamba mwenye kuujua ushahidi akauficha, moyo wake umeingia dhambi. Je, hili la makongwa lilikuwako au halikuwako?"

Tukamwambia afungue msahafu aendelee na somo lake. Hilo, ndugu zetu, ndilo jawabu la mtu asiye na jawabu.

Usiku ule usingizi ulitukimbia. Tulikuwa tukijua kwamba lilikuwako. Si mbali na huku, upande wa Karonga, alikuwako mfanyabiashara aliyeitwa Mlozi. Alijenga boma lake Mpata, akajiita Sultani wa Wankonde, akawateka watu na kuwauza. Alianza kupigana na kampuni ya Waingereza mwaka 1887, na mwaka 1895 akashindwa akanyongwa. Huyu alikuwa na jina katika watu wetu. Tulijua pia kwamba soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa katika sheria za Tanganyika mpaka mwaka 1922, na huo si mwaka wa hadithi za kale. Wazee waliotulea walikuwa wamekwisha kuzaliwa, au walizaliwa na waliouona.

Tena tulikumbuka jambo la nyumbani kwetu. Marehemu baba alikuwa akitusimulia kwamba bibi yake, mamake babu yetu, hakuwa na ukoo wa kuutaja. Wengine walipokaa kuhesabu nasaba zao, yeye alinyamaza. Akiulizwa kwao ni wapi, alijibu neno moja tu: "Nililetwa." Basi. Na babu yake baba, mume wa bibi huyo, ndiye aliyekuja na misafara kutoka pwani, naye ndiye aliyeleta nyumbani kwetu msahafu wa kwanza. Njia iliyomleta mume na msahafu ndiyo iliyomleta mke na kamba shingoni. Damu ya wote wawili imo katika mkono huu ulioshika kalamu. Je, tukiuficha ukurasa ule, tutakuwa tumemlinda nani? Tutakuwa tumemnyamazisha bibi mara ya pili.

Katika Surat An-Nisaa, aya ya 135, Mwenyezi Mungu anawaamrisha walioamini wasimamishe uadilifu na watoe ushahidi kwa ajili Yake, hata kama ushahidi huo ni juu ya nafsi zao au wazazi wao na jamaa zao. Aya hiyo tumeisomesha kwa miaka mingi, na siku zote tulidhani yawahusu majirani wanaogombania mipaka ya mashamba. Tena katika Surat Al-Balad kumfungua mtumwa kumetajwa mwanzo kabisa wa ile njia ya kupanda mlima, njia iliyo nzito kwa nafsi. Basi aliyevaa kanzu akafunga watu hakufanya hivyo kwa sababu ya dini yake. Aliiacha dini yake chini ya mlima. Lakini kwamba alivaa kanzu, hilo ni kweli, na kweli haipungui kwa kunyamaziwa.

Asubuhi tukaenda kwa mwalimu, tukamwomba autoe ule ukurasa mfukoni.

Ikazuka taabu nyingine. Hakuna mtoto aliyekubali kuwa mwenye msafara ule. Wa madrasa walikataa, na wa shule walikataa. Wapagazi tulikuwa nao kupita kiasi, lakini mzigo huu haukuwa na wa kuubeba. Tukaona haya kumlazimisha mtoto kuchukua kitu ambacho sisi watu wazima tulikuwa tumekikimbia. Basi tukasema: kanzu tunayo, na kilemba tunacho. Tutakuwa sisi.

Siku yenyewe watu walijaa chumba kile mpaka wakasimama madirishani. Kila rafu ilikuwa imebandikwa karatasi yenye jina: hii Dar es Salaam, ile Behobeho, ile Nyasa, ile Mbozi, ile ya mwisho Tanganyika. Msafara uliingia kutoka kiwanjani kwa ngoma, kirangozi mbele na bendera yake, na mizigo ilikuwa mizito kwelikweli. Behobeho akazikwa Johnston, na yule kijana mwenye kofia akasimama asijue la kufanya, na wote wakamtazama Chuma. Mtemi akagombana juu ya hongo yake watu wakacheka. Wapagazi wakatua mizigo, wakatayamamu, wakageukia kibla, kidogo kuume, wakasali rakaa mbili za msafiri. Mzungu akawangoja.

Kisha tukaingia sisi, na fimbo mkononi, na nyuma yetu watoto wanne wamefungwa kamba moja, na shingoni vijiti vyenye panda. Tasbihi hatukuishika. Tulimwomba mwalimu atusamehe hilo, naye akatusamehe.

Kicheko kikakatika. Chuma, aliyefungwa namna ile utotoni, akasimama mbele ya yule binti akamwuliza, "Mama, kwenu wapi?" Binti alikuwa ametuuliza siku iliyotangulia ajibu nini, nasi tulikuwa tumempa neno la kujibu. Akainua uso akasema, "Nililetwa."

Hatukuweza kutazama watu. Tuliyaona magunia ya mahindi na miguu ya watoto tu.

Mchezo ulipokwisha hakuna aliyetunyoshea kidole. Yule mzee aliyekuwa mtemi alitujia tukiwa twavua kilemba, akakaa juu ya gunia. Alisema, "Maalim, nilidhani ninyi neno hili hamlisemi. Basi na sisi tunalo letu. Wale waliokwenda na makongwa, kuna waliowateka, na kuna waliowauza. Wauzaji walikuwa wa kwetu, nao walipewa nguo." Tukakaa naye mpaka Alasiri, na katika mazungumzo yale alitusimulia mambo ya kale ya nchi hii ambayo hatukupata kuyasikia, ijapokuwa tumekaa humu tangu utoto. Lau tungaliuficha ukurasa ule, naye angaliuficha wake.

Sasa twapenda kuwashauri wasomaji wetu mambo matatu.

La kwanza, tulitazame neno hili la kuvumbua. Vijana hufundishwa kwamba fulani alivumbua ziwa, na fulani alivumbua mlima, kana kwamba watu waliokuwa wakinywa maji ya ziwa lile walikuwa wamefumba macho. Hapa kwetu Mbozi, pale Ndolezi, liko jiwe kubwa la chuma lililoanguka kutoka mbinguni, Kimondo, lenye uzito wa tani zipatazo 16. Vitabu vyasema lilijulikana mwaka 1930 kwa mpimaji aliyeitwa W. H. Nott. Ni kweli kwamba mwaka huo walimwengu wa mbali walipata habari zake, lakini kujulikana London si kuanza kuwako. Kadhalika aliyefika Ujiji huonyeshwa sanamu mbili kubwa za Livingstone na Stanley wakipeana mikono, kwa ukumbusho wa mwaka 1871. Lakini siku ile aliyetoka mbio kumlaki Stanley kabla ya bwana wake alikuwa Susi, na katika msafara wa Stanley alikuwamo Sidi Mubarak Bombay. Huyu aliuzwa utotoni akapelekwa Bara Hindi, akarudi huru, akawaongoza Burton na Speke mpaka Ujiji mwaka 1858, na baadaye akavuka bara zima pamoja na Cameron mpaka bahari ya magharibi.

Wala msidhani kusahau huku ni kwetu tu. Katika safari ile ya Lewis na Clark alikuwamo mtumwa wa Clark aliyeitwa York. Alikwenda njia ile ile, akala njaa ile ile, na waliporudi wenziwe wakapewa mshahara na ardhi, yeye hakupata kitu, hata uhuru wake alinyimwa kwa miaka. Leo wanaoigiza safari ile humtaja York. Hawakuanza kumtaja mpaka watu walipoanza kuuliza.

La pili, tusome yaliyoandikwa kwa lugha yetu. Kijana akitaka habari za safari za kale asidhani kwamba zimeandikwa na wageni tu. Selim bin Abakari, mtu wa asili ya Ngazija, aliandika safari yake ya Nyasa na hata safari yake ya Urusi na Siberia. Sleman bin Mwenye Chande aliandika safari yake ya bara, na Mtoro bin Mwinyi Bakari aliandika ya Udoe na Uzigua. Zilipigwa chapa Ujerumani mwaka 1901. Na Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Anasimulia pembe alizozipata na vita alivyopiga, wala hajifichi. Kama yeye mwenyewe hakuyaficha, kwa nini sisi wajukuu tuyafiche?

La tatu ni la nyumbani. Wazazi, katika jamaa zetu nyingi yumo bibi aliyenyamaza nasaba zilipohesabiwa. Waulizeni wazee wangali hai, kwa upole, jioni, baada ya chakula, wala msiwaharakishe. Kijana mwenye hati nzuri aandike katika daftari: jina, mahali, aliyeletwa na aliyeleta. Msiogope mtakayoyasikia. Haya hayamshuki aliyefungwa, na sisi hatutaulizwa kwa yaliyotendwa na babu zetu; tutaulizwa kwa tulivyoyashuhudia.

Mwalimu ametuarifu kwamba siku hizi chumba kile hakikosi watu jioni. Si wengi: leo watatu, kesho watano. Yule kijana aliyeikabidhi kofia amechukua kitabu cha ramani, naye apima kwa uzi njia ya kutoka Dar es Salaam mpaka Tanganyika. Lile gunia la debe moja na nusu wameliacha pale pale mlangoni. Kila mgeni akiingia, watoto humtaka aliinue kwanza, ndipo wamwonyeshe vitabu.

Mwenyezi Mungu awarehemu walioletwa na awasamehe walioleta, na atujaalie sisi kuwa mashahidi wa kweli.